Kijiko Kiligonga Mara Tatu

Hadithi hii nimeiandika mara nne. Mara tatu nimeiharibu, na baadhi ya karatasi zake nimewashia jiko. Haizidi kurasa sita. Mwanamke anashona nguo za sikukuu usiku wa mvua, chumba cha pili kuna mgonjwa, na kijiko cha chai kinagonga chuma cha kitanda. Shoga yangu, ambaye siku zote ndiye msomaji wangu wa kwanza, alisoma ile ya nne hadi mwisho, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu, akaniuliza: "Sasa hapa kumetokea nini?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo wiki tatu, na naona siwezi kumjibu bila kueleza hadithi imetoka wapi.

Mchana mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko mbele ya nyumba, hapa Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Vitambaa nanunua Soko la Mgandini au wateja wanakuja navyo wenyewe. Cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga, na sikuinunua. Alinipa mama mkwe wangu mwaka wa pili wa ndoa yangu, macho yake yalipoanza kukataa kutunga uzi. Alikuwa fundi kuliko mimi. Akikaa ukumbini na kahawa yake, mimi niko chumba cha mbele, alikuwa anajua kwa sauti tu kama napiga mshono mrefu, natia zipu au napinda pindo. Alikuwa ananipigia kelele kutoka kule: "Unaenda mbio! Pindo halikimbizwi!" Na kweli, nikitazama, pindo limekwenda upande.

Kiharusi kilimshika Machi 2018. Upande wote wa kulia ulikufa, mkono hadi mguu, na ulimi ukawa mzito. Hospitali walipomruhusu, nesi alinikalisha kwenye benchi akanifundisha namna ya kumlea. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ubavu huu, kisha mgongo, kisha ubavu wa pili. Usipomgeuza, ngozi ya kiunoni na visiginoni itaanza kuoza angali hai. Nilimwitikia kila neno. Kila saa mbili ni mara 12 kwa siku. Nilizihesabu njiani tukirudi, ndani ya bajaji, kichwa chake kikiwa begani kwangu.

Kijiko alipewa na mume wangu. Sauti ya mama haikuweza tena kuvuka ukuta, basi mume wangu akamwekea kijiko cha chai mkono wa kushoto, akamwambia, "Mama, ukihitaji gonga hapa kwenye chuma, mtu atakuja." Alikuwa anagonga mara tatu, anatulia, akiona kimya anagonga tena tatu. Tin, tin, tin. Mtu aliyekuwa anakuja ni mimi.

Naomba nieleweke hapa, kwa sababu rasimu yangu moja niliiharibu kwa jambo hili: mama hakuwa mkwe mbaya. Ndiye aliyenifundisha mkate wa kumimina hadi ukanitoka vizuri. Ndiye aliyeniletea supu ya pweza nilipojifungua mtoto wa pili na maziwa yakagoma. Alikuwa mkali wa hesabu tu. Baba mkwe alipofariki, alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na kila siku alitia punje moja ya mahindi kwenye kopo la maziwa ili siku isimpotee. Alikumbuka samaki wa mwaka juzi aliuziwa kiasi gani na nani. Kiharusi kilichukua mkono na mguu, lakini kumbukumbu hakikuigusa. Nalisema mapema kwa sababu baadaye lilininyima usingizi.

Ilikuwa Ramadhani ya 2019, kumi la mwisho, zimebaki kama siku mbili Idd iandame. Mafundi wenzangu wanajua hali ya siku hizo. Umeshapokea vianzio, umeshavila, na kila mwenye mtoto anapita dirishani kuuliza "Tayari?" Nilikuwa na nguo 11 mezani ambazo hazijaisha. Mume wangu alikuwa amelala chumba chetu, kinachopakana na cha mama. Watoto wamelala. Mvua za mwisho za masika zilikuwa zinapiga mabati, kisha zinapungua, kisha zinarudi.

Saa sita usiku nilimgeuza mama, nikambadilisha, nikampa maji kwa kijiko kilekile. Nikarudi kwenye cherehani. Nguo niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa gauni la mtoto wa miaka saba, satini ya zambarau, kloshi kamili, chini inatiwa lesi nyeupe. Pindo la kloshi linazunguka kama halina mwisho, na satini ni kitambaa chenye utelezi: kidole kikilegea, tabaka la chini linatambaa peke yake na lesi inajikunja. Unaishika kwa ncha za vidole, unaipeleka taratibu, macho hayabanduki kwenye sindano.

Saa nane kasoro kidogo, kijiko kiligonga. Mara tatu.

Mguu wangu ukasimama kwenye kanyagio. Mvua ilikuwa imepungua, nyumba kimya. Hata mkoromo wa mume wangu ulikuwa umekatika, kama unavyokatika mtu akijigeuza. Nilisikia saa ya ukutani. Nilikuwa nimefika nusu ya pindo. Nikaangalia sindano, imesimama ndani ya lesi.

Kisha mguu ukaanza tena.

Nimejiambia mara nyingi kwamba ilikuwa ni satini, kwamba ningeliacha gauni katikati lingeharibika. Si kweli. Satini unaweza kuibana na sindano yenyewe, unanyanyuka, unarudi, unaendelea. Kila fundi anajua. Nilisikia kijiko, nikajua ni nini, na sikwenda. Kilichonitisha hasa, na ndicho nilichoshindwa kukiandika mara tatu zote, ni kwamba wakati huo sikuwa na hasira. Sikuwa hata na uchovu wa kupita siku nyingine. Nilisikia raha. Raha ndogo ya siri, kama ya mtoto aliyefunga halafu ameficha punje ya sukari chini ya ulimi na mama yake yuko palepale. Kwa mara ya kwanza kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikuwa nimeitwa na sikuitika.

Kijiko kikagonga tena. Mara tatu, polepole zaidi. Nikaendelea na lesi.

Hakikugonga mara ya tatu.

Nilimaliza gauni lile, nikapiga pasi, nikalitundika. Nikachukua la pili. Mpaka wapiga ngoma za daku walipopita mtaani, kwenye saa kumi hivi, ndipo nikanyanyuka. Nikaingia kwa mama na taa ya simu.

Alikuwa macho. Anatazama dari, kijiko amekilaza kifuani, mkono wa kushoto juu yake. Shuka limelowa, na limelowa muda mrefu, kwa maana kingo zake zilikuwa zimeshaanza kupoa. Nikamwambia, "Samahani mama, nilipitiwa na usingizi."

Nikamwambia hivyo yeye, aliyeweza kujua kwa sauti nikipinda pindo. Yeye ambaye cherehani ile aliizoea miaka thelathini kabla yangu, na usiku ule ilikuwa inalia ukuta wa pili hadi dakika ileile niliyoingia.

Akanigeuzia macho. Ulimi wake ulichukua muda kupata maneno. Akasema, "Pole na kazi, mwanangu."

Nilimbadilisha. Nilimgeuza. Nilimkagua kwa taa ya simu kiunoni, matakoni, visiginoni, kote. Hakukuwa na kidonda wala wekundu. Ngozi yake ilikuwa salama salmini kama nilivyoiacha saa sita. Nikapika uji, tukala daku mimi na mume wangu bila maneno mengi, nikarudi kushona. Nguo zote 11 zilitoka kabla ya takbira.

Siku ya pili ya Idd, wifi yangu alikuja na zawadi: doti ya kanga, nyekundu na nyeupe. Akanieleza ilivyochaguliwa. Alipita siku moja kabla na doti nne, akazitandaza kitandani, akamsomea mama jina la kila moja. Mama akakataa ya kwanza, akakataa ya pili, ya tatu akafumba macho kabisa. Ya nne akaigusa kwa kijiko, akasema, "Hiyo, mpe mkaza mwanangu." Imeandikwa WEMA HAUOZI.

Kwetu pwani mwanamke akikupa kanga amekupa maneno, na maneno ya kanga hayaulizwi. Ukiuliza umeshakiri kwamba unayo sababu ya kuuliza. Nilishukuru, nikaibusu. Doti inakuja vipande viwili vimeungana, lazima ikatwe katikati na kupindwa, na anayepinda nyumba hii ni mimi. Nilikaa kwenye Butterfly ile, mlango wazi, mama anasikia, nikapinda kanga yangu pande zote. Sikwenda mbio.

Aliishi miezi minane mingine. Sikuwahi kuchelewa tena hata mara moja. Wageni walikuwa wananisifu mbele yake, naye anatikisa kichwa kukubali. Alifariki Februari 2020, mchana, baada ya kula, bila vurugu. Wanawake waliokuja kumuosha wakanipa bafta nikate sanda, maana ndiye fundi wa nyumba. Vipande vitano, kama ilivyo kwa mwanamke. Mkasi ulikuwa wake. Nilipomaliza kukata, mikono ikataka yenyewe kukunja ukingo, kama inavyofanya kila siku, na mama mmoja akanishika kiganja: "Basi mwanangu. Sanda haitaki pindo."

Hapo ndipo nilipolia. Watu wakasema, masikini, alimpenda mkwe wake. Na ni kweli, nilimpenda.

Mwaka uliofuata nikaanza kuandika. Rasimu ya kwanza, bibi anafariki usiku uleule. Mwanamke anaingia na taa, anakuta mkono umepoa. Niliilia mwenyewe nikiiandika. Shoga yangu naye alilia. Kisha nikaona nimefanya nini: nimeleta kifo kije kunifanyia kazi yangu. Kifo kikiingia, msomaji anajua alie wapi, na ile raha niliyoisikia inafunikwa na kilio haionekani tena. Nikaichana.

Rasimu ya pili nikatia kijiko kinachogonga baada ya mazishi. Kila usiku saa nane kasoro, chumba kitupu, tin, tin, tin. Hiyo shoga yangu aliipenda mno, alitaka niitume kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini nilikuwa nimemgeuza mama kuwa kivuli cha kunitisha, naye maishani mwake hakunitisha. Ameniambia pole na kazi. Kama kuna kilichogonga baada ya hapo, kiligonga kwangu, si kwenye kitanda chake.

Ya tatu ndiyo ninayoionea haya. Nilimfanya bibi awe na roho mbaya. Anamtukana mkaza mwana, anamsema kwa majirani, anagonga kijiko makusudi bila haja. Ilikuwa inasomeka vizuri. Msomaji anafika usiku ule akiwa ameshampa mwanamke ruhusa ya kutokwenda. Yaani nilimsingizia marehemu ili nisamehewe na watu wasionijua. Hiyo sikuwashia jiko, niliifukia.

Nadhani nilikuwa nafuata njia nilizolelewa nazo. Ukisikia "Paukwa!" ukaitika "Pakawa!", unajua kabla hadithi haijaisha fisi atatumbukia kisimani, na mama wa kambo ataumbuka mbele ya kijiji kizima. Nilizipenda hadithi hizo, nikiwa mtoto nilizisubiri redioni na sufuria la mboga likaungua kwa ajili yake. Mtoto anahitaji kuona kosa linaanguka mahali. Ila sasa mimi ni mtu mzima, na kosa langu halikuanguka popote. Lilikunywa uji wa daku, likaenda kuswali Idd.

Nilitafuta hata kwa Shaaban Robert. Ni mtu wetu, amezaliwa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, na alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa beti ambazo nadhani zitasomwa mpaka Kiswahili kiishe. Baada ya msiba nilizisoma usiku kucha, nikitaka niazime machozi yake. Hayakunifaa. Huzuni yake ni safi, haina kitu ilichoficha mgongoni.

Nikatafuta neno. Lugha yetu haina uhaba wa majina ya mambo ya moyoni: kijicho, gere, husuda, kinyongo, fundo, wahaka, kihoro, jitimai. Nilijipima nayo moja baada ya jingine kama mteja anayepima magauni. Kinyongo hapana, sikuwa na kisasi naye. Gere hapana. Uchovu unaeleza mguu kusimama, hauelezi ile sukari chini ya ulimi. Katika rasimu ya nne nikaamua kuacha kutafuta. Sikuandika jina la hisia yoyote. Nimeandika satini, lesi, mvua inavyopungua, sindano iliyosimama ndani ya kitambaa. Nimeandika mguu ulisimama, kisha mguu ukaanza. Nimeandika uwongo wa kupitiwa na usingizi, na "Pole na kazi, mwanangu", na nikakomea kwenye shuka likianikwa uani kabla jua halijatoka. Hakuna anayefariki. Bibi hana baya. Kwa mara ya kwanza nilipoisoma kwa sauti koo lilinikauka, nikajua hii ndiyo.

Kwa hiyo, shoga yangu, uliyeniuliza kumetokea nini: hilo ndilo lililotokea.

Ningeishia hapa. Makala haya nilikuwa nimeshayaandika mpaka sentensi ile, Ijumaa iliyopita. Lakini kabla ya kuyatoa niliona si haki mume wangu akutane na habari za mama yake kwenye simu ya mtu mwingine. Nikampa hadithi aisome kwanza.

Mume wangu ni fundi baiskeli. Alikuwa amerudi msikitini, amekaa barazani na baiskeli ya mtoto wetu miguuni. Akafuta mikono kwa kitambaa, bado ina grisi, akazishika karatasi kwa kingo tu asizichafue. Mimi nikakaa mlangoni nikajifanya nachambua mchele. Alisoma polepole. Ukurasa wa nne, pale kijiko kinapogonga, alirudi nyuma akausoma tena. Alipomaliza akazilinganisha karatasi vizuri gotini, akanirudishia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yake. Kwamba nimemwaibisha mama yake, kwamba vipi niliweza, au kwamba amenisamehe, ambalo ndilo nililoliogopa zaidi.

Akasema, "Nilikuwa macho."

Nikadhani sikusikia.

"Usiku ule. Vilinigutusha vile vya kwanza. Nikalala hivyohivyo, nikangoja uende."

Mchele ulikuwa mkononi, nikawa nauangalia. Mkoromo uliokatika. Nimeuandika kwenye rasimu zote nne, kama kipambo tu, ili nyumba ionekane kimya. Chumba chetu na cha mama vimetenganishwa na ukuta mmoja. Kutoka kitandani kwetu hadi kwake ni hatua tisa, nimezitembea mara nyingi kuliko naweza kuhesabu.

Nikamuuliza kama alisikia cherehani iliposimama. Akasema alisikia.

Nikamuuliza kama alisikia ilipoanza tena.

Akainama, akachukua pampu, akaanza kujaza upepo gurudumu la mbele la baiskeli ya mtoto, ambalo asubuhi nilimwona kwa macho yangu akilijaza.